Habari za Moto wa Jikoni: Tangu Mafiga hata Tanuri la Umeme, katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Wasomaji wetu wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wamekwisha kuyaona majiko ya umeme madukani, na baadhi yao wamekwisha kuyanunua. Tanuri la umeme, ambalo wauzaji huliita oveni, huoka mikate, nyama na viazi pasipo moshi wala majivu, na mwenye nyumba hulifurahia. Lakini moto huu una hatari yake, nayo haionekani kwa macho kama mwali wa kuni. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari zake tangu mwanzo: moto uliotangulia ulikuwaje, umeme ulifikaje katika nchi yetu, na kanuni za kuufunga nyumbani zilitoka wapi. Maana mtu aijuaye asili ya kanuni huishika. Asiyeijua huiona kuwa ni usumbufu wa fundi tu, akaiacha.

MOTO WA MAFIGA

Hapo kale kila nyumba ya Msukuma, Msumbwa, Mzinza au Mnyamwezi ilikuwa na mafiga matatu. Mithali yasema, figa moja haliinjiki chungu. Wala mawili hayatoshi, maana chungu huanguka. Moto wa mafiga ulikuwa na sheria zake, na mwalimu wa sheria hizo alikuwa bibi. Moto haukuachwa mikononi mwa mtoto mdogo. Haukuchochewa sana upepo ulipovuma, kwa kuwa paa lilikuwa la nyasi. Na usiku makaa yalifunikwa kwa majivu. Mtu hakuhitaji kusoma kitabu ili ajue mambo hayo. Alizaliwa akiyaona.

Kuni nazo zilikuwa tele. Upande wa Shinyanga ilikuwako migunga mingi, na upande wa Kahama na Geita misitu ya miombo. Lakini katika misitu hiyo alikaa mbung'o, na mbung'o aliua ng'ombe na kuwaletea watu ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza ilianza kazi kubwa ya kupigana naye, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa C. F. M. Swynnerton, ambaye makao ya uchunguzi wake yalikuwa Shinyanga. Watemi waliwaita watu wao, miti ikakatwa na vichaka vikachomwa katika eneo kubwa sana. Mbung'o alirudi nyuma. Reli ya kutoka Tabora ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe yakaongezeka.

Hiyo ilikuwa faida, nasi hatuwalaumu wazee wetu waliokata miti ili kuokoa mifugo na watoto wao. Lakini kila kazi ina deni lake. Nchi ilipokuwa wazi, kuni zilikwenda mbali. Mama wa Shinyanga alilazimika kutembea mwendo mrefu kutafuta mzigo mmoja. Na asipoupata alipikia mabua, miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa, au mavi makavu ya ng'ombe, ambayo yangalifaa kurutubisha shamba. Hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI. Kazi hiyo iliendelea vema kwa sababu ilifuata desturi ya Wasukuma wenyewe, yaani ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili iwasaidie ng'ombe wakati wa kiangazi. Ngitili nyingi zilirudishwa, na miti ikaota tena mahali palipokuwa pamebaki vumbi tupu.

Basi msomaji asishangae kuona habari za miti katika makala ya umeme. Miti iliyorudi haitadumu ikiwa miji yetu itaendelea kula makaa kama ilivyo sasa. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Umeme ni mmoja wa nishati hizo. Hivyo tanuri la umeme si pambo la matajiri tu. Linaweza kuokoa ngitili. Lakini halitaokoa kitu likichoma nyumba au kuua mama jikoni.

UMEME ULIVYOFUATA DHAHABU

Umeme ulifika Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na nyumba za wenye amri. Mwaka 1920 Waingereza waliuweka chini ya idara ya Serikali, na mwaka 1931 kazi hiyo ikapewa makampuni mawili: moja lilikuwa la Dar es Salaam na jirani zake, na la pili lilikuwa TANESCO. Baada ya Uhuru Serikali ilianza kununua hisa mwaka 1964, na baadaye makampuni yote mawili yakawa shirika moja la umma kwa jina la TANESCO.

Nchi yetu ya ziwa ilikuwa mbali na hayo yote. Hapa mwenye kutaka umeme alijifanyia mwenyewe kwa mitambo yake, na waliokuwa na nguvu ya kufanya hivyo walikuwa wenye machimbo. Dhahabu ya Geita ilionekana mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940, Mkanada John Williamson aliona almasi pale Mwadui, akajenga mgodi na mji wake kando, wenye taa zake. Usiku mtu aliyekaa kijijini aliweza kuona mwanga wa machimbo, hali nyumbani kwake anawasha kibatari.

Mitambo ya maji ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 njia kuu ya umeme ilinyoshwa kutoka kusini kupita Dodoma na Singida hata Shinyanga na Mwanza. Ndipo gridi ya Taifa ilipoigusa nchi yetu. Mgodi wa Bulyanhulu ulipofunguliwa mwaka 2001, njia kubwa ya umeme ilivutwa kutoka Shinyanga kuufikia. Mgodi mpya wa Geita, ulioanza kazi mwaka 2000, ulijitegemea kwa mitambo ya mafuta kwa miaka mingi. Baadaye ilijengwa njia nyingine mpya, ya urefu wa kilomita 670, kutoka Iringa hadi Shinyanga, yenye nguvu ya volti 400,000, ili umeme usiishie njiani.

Katika miaka hiyo yote waya mnene ulipita juu ya vijiji vingi pasipo kushuka. Jambo hilo lilianza kugeuka Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kazi mwaka 2007. Nguzo zikaingia vijijini. Miji ya wachimbaji kama Katoro, Nyarugusu na Kakola ilikua upesi, na nyumba za kupangisha zikajengwa kwa haraka. Vilevile umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumiwa, ulimwezesha mtu wa kipato kidogo kununua kadiri awezavyo.

Yatupasa kukumbuka jambo moja katika historia hiyo. Nyumba nyingi za kwetu zilipofungwa nyaya mara ya kwanza, zilifungwa kwa ajili ya taa. Mwenye nyumba alitaka kuona usiku, kusikiliza redio, na baadaye kuchaji simu. Nyumba ndogo nyingine zilipewa UMETA, yaani Umeme Tayari, ambao ni ubao mdogo uliokwisha kufungwa swichi, soketi na taa. Ni kifaa chema kwa kazi yake. Lakini hakikutengenezwa kubeba tanuri. Leo watu wale wale wa nyumba zile zile wanaleta tanuri, na hapo ndipo hatari ianzapo.

KANUNI ZILIZALIWA NA HOFU YA MOTO

Watu wengine hudhani kanuni za kufunga umeme zilibuniwa ofisini ili mafundi wapate fedha. Sivyo. Mwaka 1882, taa za umeme zilipoanza kuingia katika nyumba za London na New York, wafungaji wengi hawakujua kiasi cha unene wa waya wala namna ya kuufunika. Mwaka huo huo chama cha wahandisi wa umeme wa Uingereza kilitoa kanuni, na shabaha yake ilitajwa wazi katika jina lake: kuzuia hatari ya moto utokanao na taa za umeme. Tangu hapo kanuni hizo zimesahihishwa mara nyingi, kila mara kwa sababu ya jambo jipya lililojulikana. Desturi za mafundi wa Tanzania zatokana nazo, na ndiyo sababu plagi zetu zina miguu mitatu ya pembe, kama zile za Uingereza zilizowekwa kuwa kawaida mwaka 1947.

Tanuri la umeme lilikuja nyuma ya kanuni za kwanza. Mwaka 1892 Thomas Ahearn, mtu wa Ottawa katika nchi ya Kanada, aliwapikia wageni wa hoteli chakula kizima kwa umeme, na watu walistaajabu. Lakini majiko ya mwanzo hayakudumu, kwa kuwa waya wa kutoa joto uliungua upesi. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao huwa mwekundu kwa joto na usiungue. Hata leo waya wa namna hiyo ndio ulio ndani ya matanuri mengi.

Basi angalia: katika tanuri twataka waya upate moto, katika ukuta na dari hatutaki. Umeme ni ule ule mmoja. Kinachotofautisha ni kiasi cha umeme, unene wa waya, na kitu umetengenezwa nacho. Habari yote ya usalama yakaa hapo.

HESABU YA TAA NA TANURI

Wenye watoto shuleni watatusaidia katika hesabu hii ndogo. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230. Tukigawanya wati kwa volti twapata ampea, yaani kiasi cha umeme upitao katika waya. Taa ya zamani ya wati 60 huvuta kama robo ya ampea. Tanuri la wati 3,000 huvuta ampea 13. Hivyo tanuri moja ni sawa na taa 50.

Lakini hatari haizidi mara 50 tu. Mwingereza James Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto katika waya hukua kama mraba wa umeme upitao. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidi mara kumi, joto huzidi mara mia. Katika waya ule ule, umeme ukizidi mara 50, joto huzidi mara 2,500. Mtu aliyeishi miaka kumi na waya wa taa pasipo kuona neno, asiseme waya wake ni mzuri kwa tanuri. Waya huo haujajaribiwa bado.

Hapo twaona pia kazi ya fyuzi, na ya swichi ijikatayo yenyewe ambayo mafundi huiita sakiti breka. Haikuwekwa kulinda tanuri. Imewekwa kulinda waya. Umeme ukizidi kiasi ambacho waya waweza kubeba, breka hukata kabla waya haujaungua. Basi mtu akiona breka inakatika kila mara, akabandika kubwa zaidi na kuuacha waya ule ule mwembamba, amemwondoa mlinzi mlangoni na kumweka kipofu. Vivyo hivyo yule anayefunga kipande cha waya mnene au msumari mahali pa fyuzi. Moto wake utaanzia ndani ya dari, usiku, watu wamelala.

WAYA WA TATU

Mafiga yalikuwa matatu, na nyaya za tanuri nazo ni tatu. Wa kwanza ni waya wa moto, uletao umeme. Wa pili ni nyutro, uurudishao. Wa tatu ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Siku zote kama mambo ni mema, waya huu haufanyi kazi yo yote. Kwa hiyo mjinga huona ni hasara, akaukata au kuuacha ukining'inia. Taa hubaki inawaka na tanuri hubaki linaoka. Hakuna dalili, hata siku ya msiba.

Tueleze msiba wenyewe. Waya wa joto wa tanuri mara nyingi umo ndani ya bomba la chuma, na kati yao pana unga uzuiao umeme usitoke. Kwa joto, unyevu na miaka, kinga hiyo huharibika. Umeme ukavuja, bati lote la tanuri hushika umeme. Kama waya wa ardhi upo na ni mzima, umeme hukimbilia ardhini kwa njia hiyo. Kama haupo, tanuri hungoja mkono wa mtu. Mama mwenye mikono mibichi, amesimama pekupeku juu ya sakafu ya saruji, ndiye atakayekuwa waya wa tatu.

Na hapa nchi yetu ina jambo lake la pekee. Waya wa ardhi huishia katika fimbo ya shaba au chuma iliyopigwa chini nje ya nyumba, na fimbo hiyo hufanya kazi ikiwa udongo una unyevu. Wakulima wa Usukuma waijua mno ardhi yao. Waijua luseni, udongo wa mchanga, ambao hukauka mapema; waijua mbuga, udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka hata mtu aweza kuingiza mkono katika ufa. Sehemu nyingine mawe ya matale yako karibu sana na juu. Fimbo iliyopimwa mwezi wa Machi, mvua ikinyesha, ikaonekana njema, mwezi wa Septemba huenda isifae.

Twaa mfano. Kama kizuizi cha ardhi kwenye fimbo hiyo ni omu 50, tukigawanya volti 230 kwa 50 twapata ampea 4.6. Huo ndio umeme utakaokwenda ardhini tanuri likivuja. Lakini breka ya tanuri kubwa ni ya ampea 32! Haitasikia hata kidogo ampea 4.6, wala haitakata. Bati la tanuri litabaki na umeme saa zote, na waya wa ardhi upo, na fundi alipokea fedha zake. Ndiyo sababu katika nchi kavu kama yetu waya wa ardhi peke yake hautoshi. Yapasa kuwekwa pia swichi ya ulinzi ambayo mafundi huiita kwa herufi RCD. Hiyo hulinganisha umeme uendao na umeme urudio. Ukipungua kwa kiasi kidogo cha sehemu 30 katika elfu ya ampea, yaani umevuja mahali, hukata mara moja. Breka hulinda waya. Swichi hii hulinda mtu.

Tanuri lililokaa muda mrefu pasipo kutumiwa huweza kunyonya unyevu, likawashwa, nayo swichi hiyo ikakata. Wengine hukasirika, wakaiondoa ili wapike. Afadhali wangaliondoa tanuri. Swichi imesema kweli: umeme unavuja. Mwiteni fundi apime.

NAMNA INAYOFAA

Hatuandiki haya ili kila msomaji ashike koleo na kuanza kufungua nyaya. Kwa sheria za nchi yetu kazi hiyo ni ya mafundi wenye leseni ya EWURA, na fundi huyo huweka sahihi yake juu ya kazi yake. Twaandika ili mwenye nyumba ajue la kuuliza, na aweze kuona kama amefanyiwa haki.

Kwanza, lisomwe bamba la tanuri, lililoandikwa wati zake. Tanuri dogo lisilozidi wati 3,000 na lenye plagi yake laweza kuchomekwa katika soketi ya ukutani, ikiwa soketi hiyo imevutiwa waya wa milimita mbili na nusu na ina ardhi nzima. Lichomekwe peke yake. Lisichomekwe katika waya wa kurefusha wenye matundu mengi, wala lisiwashwe pamoja na birika na pasi katika njia hiyo moja. Wala lisichomekwe kabisa katika ubao wa UMETA.

Pili, jiko kubwa lenye tanuri chini na sahani za kupikia juu, la wati 7,000 au zaidi, huvuta ampea 30 na kupita. Hilo halina haki ya plagi. Yapasa lipewe njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao mkuu, isiyogawiwa taa wala soketi, kwa waya wa shaba wa milimita sita na breka ya ampea 32. Ikiwa njia ni ndefu, au waya unapita darini chini ya bati, fundi apige hesabu tena na huenda achague milimita kumi. Msomaji wa Shinyanga ajua joto la dari saa nane mchana. Waya uliokwisha kupata joto la jua hauwezi kubeba umeme kama ulio mahali pa baridi. TANESCO nao waarifiwe, ili ijulikane kama waya wa kutoka nguzoni na mita vyaweza kubeba mzigo huo.

Tatu, iwekwe swichi kubwa ya jiko ukutani, ikatayo waya wa moto na nyutro pamoja. Iwe kando ya jiko, mahali pa kufikika upesi. Isiwe juu yake, maana mafuta yakishika moto hakuna atakayepitisha mkono juu ya mwali ili kuizima.

Nne, rangi zisiaminiwe. Katika nyumba za zamani waya mwekundu ulikuwa wa moto, mweusi nyutro, na wa kijani ardhi. Katika kawaida mpya wa kahawia ni wa moto, wa buluu nyutro, na wa kijani na manjano ardhi. Na pale umeme uingiapo kwa njia tatu, waya mweusi wa kawaida mpya huwa wa moto! Fundi aliyejifunza zamani na kijana aliyejifunza jana waweza kuuana katika nyumba moja. Dawa ni moja tu: kuzima swichi kuu, kisha kupima kwa kipimo kabla ya kugusa.

Tano, viungio vikazwe barabara. Waya uliosokotwa na mwenziwe na kuzungushiwa utepe si kiungio. Mahali palipolegea hupata joto, na joto hulegeza zaidi, hata pakaungua. Tena waya ununuliwe kwa mtu anayejulikana, wenye alama ya ubora ya TBS. Maana sokoni zimo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, nazo hazibebi umeme kama shaba tupu.

Sita, fimbo ya ardhi ipigwe chini mpaka penye unyevu, si kuchomekwa kando ya ukuta kama mambo ya hema. Ikiwa moja haitoshi, zipigwe mbili au tatu zilizoachana, nazo ziunganishwe. Nondo za dirisha na msumari wa ukutani si ardhi. Na ardhi hiyo ipimwe kiangazi. Hatimaye, kitufe cha kujaribia swichi ya RCD kibonyezwe mara kwa mara. Isipokata, ibadilishwe kabla ya kupika.

Na kama mtu ameshikwa na umeme, wa kwanza kumfikia asimguse. Azime swichi kuu kwanza. Asipoweza kuifikia, amsukume kwa mti mkavu. Moto wa umeme usimwagiwe maji.

MWISHO

Katika historia yetu moto wa nyumbani umebadilika mara nyingi, kutoka kuni hata mabua, kutoka mabua hata makaa, na sasa umeme. Babu zetu walipokata msitu ili kumfukuza mbung'o, walipata ng'ombe, lakini deni la kuni lilikuja kwa wajukuu, na ngitili ndizo zilizoanza kulilipa. Sisi nasi tunaleta moto mpya. Tukiuleta pamoja na sheria zake, wajukuu watapata mikate pamoja na miti. Tukiuleta pasipo sheria zake, kwa kuokoa bei ya waya mnene na fimbo ya shaba, tutakuwa tumewaachia deni jingine, na hili halingoji miaka 50 kudaiwa.

Bibi wa zamani hakumpa mtoto kijinga cha moto kabla ya kumfundisha mahali pa kukiweka. Walimu, wazazi na mafundi wa leo wanayo kazi ile ile. Katika nchi yenye dhahabu na almasi chini yake, isisemwe kwamba watu walipoteza roho kwa kukosa waya mmoja wa kijani.